Calc ya LibreOffice na mafaili ya zamani ya Excel yaliyogoma: maoni ya karani wa korosho, Tandahimba

Natunza hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Tandahimba. Programu ninayoizungumzia hapa, Calc iliyomo ndani ya LibreOffice, ni ya majedwali ya hesabu kama Excel, na ni ya bure, lakini siisifu kwa ubure wake. Naisifu kwa sababu ilifungua daftari la malipo ambalo watu walishalikatia tamaa.

Faili lenyewe ni la .xls, umbo la zamani lililotumiwa na Excel ya 97 hadi ya 2003, lenye mistari 65,536 na safu 256 kwa kila shiti. Alilianzisha karani aliyenitangulia, na kila msimu alikuwa akiongeza shiti moja: jina la mkulima, namba ya stakabadhi, kilo, daraja, makato, namba ya akaunti, kinachobaki. Lilikaa kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows XP, likawa linapelekwa kwa flashi steshenari kuchapwa. Msimu umechanganya, mnada umeshapita, wakulima wanasubiri fedha zao, umeme ukakatika faili likiwa katikati ya kuseviwa. Tangu hapo kila ukilibofya, dirisha linafunguka, linaganda, kisha programu nzima inajifunga.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi aliniuliza, "Mwanangu, kilo zangu humo ndani zipo?" Nikamwambia, "Zipo, babu, na hiyo karatasi yako itunze." Nilimaanisha. Stakabadhi ya karatasi ndiyo iliyonipa pa kusimamia baadaye, wakati wa kuhakiki.

Fundi mmoja alishauri kompyuta ifomatiwe. Kufomati hakutibu faili, na kunafagia mabaki ambayo pengine yangeokoa kazi. Excel ikisevu haiandiki moja kwa moja juu ya faili la zamani. Huandika kwanza faili la muda ndani ya folda ileile, lenye jina la herufi na tarakimu nane zisizo na maana, ndipo ilifute la zamani na kulipa hilo jipya jina lake. Umeme ukikatika hapo katikati, faili la muda linaweza kubaki limelala. Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, fungua folda, panga kwa tarehe, utazame. Ukikuta faili la jina la ajabu lenye ukubwa unaokaribiana na wa lako, likopi, mwisho wa jina uandike .xls, ujaribu kulifungua. Kwetu halikuwepo. Ila faili letu lilikuwa na ukubwa wake wa kawaida, na hiyo ilikuwa habari njema, maana faili linaloonyesha baiti 0 halina cha kusomwa na programu yoyote.

Jambo la pili ni kujua mgonjwa ni nani, faili au programu. Ianzishe Excel peke yake, bila faili lako. Kama hata kitabu kitupu (faili jipya la Excel lisilo na kitu) kinagoma, kosa si la faili lako. Ianzishe tena ukiwa umeshikilia kitufe cha Ctrl, ukubali ifunguke katika hali salama, yaani bila kupakia nyongeza zake. Ikifunguka hapo, kwenye Excel ya 2003 tatizo mara nyingi huwa faili la vitufe linaloitwa Excel11.xlb, au kitu kilichowekwa kwenye folda ya XLSTART, ambayo Excel hufungua vilivyomo kila inapoanza. Badilisha jina la hilo Excel11.xlb, na programu itajitengenezea jingine. Kwetu kitabu kitupu kilifunguka vizuri kabisa. Faili ndilo lililokuwa linaumwa.

Na Excel nayo nitaipa haki yake, ina dawa ndani yake. Ukienda kufungua faili, bofya kishale kidogo kilicho pembeni ya kitufe cha Open, chagua Open and Repair. Ikishindwa kutengeneza, itakuuliza kama ikutolee data peke yake, na hapo unachagua kubaki na thamani au kujaribu kurudisha fomula. Nilifanya hivyo juu ya nakala, siyo juu ya faili halisi; hilo silegezi kwa yeyote anayeshika kompyuta ya ofisi yetu. Misimu ya nyuma ilirudi yote. Shiti la msimu huu, ambalo ndilo lililokuwa na deni la watu, halikurudi.

Hapo ndipo nikaipakua LibreOffice kwenye laptopu ya mdogo wangu. Ni mamia ya megabaiti, mwenye bando dogo ajipange. Nikaipa nakala ileile. Ilifikiri kwa muda mrefu, mstari wa chini ukijaa polepole mpaka nikadhani nayo imeganda, kisha mashiti yakajipanga yote, na la msimu huu likiwemo.

Nilichokiona baada ya hapo ndicho kimenifanya niandike. Kwenye Calc ukibonyeza F5 inatokea orodha ya kila kitu kilichomo kwenye kitabu: mashiti, viungo, michoro, picha. Kwenye orodha ya picha nikakuta nembo ya chama imejirudia mamia kwa mamia. Kila shiti liliponakiliwa kuanzisha msimu mpya, na kila mistari ilipokopiwa kushushwa chini, nembo ilinakiliwa pamoja nayo, ikilala juu ya nyingine, kwa hiyo machoni inaonekana moja. Nikabonyeza Ctrl na End kuona shiti linaishia wapi. Kielekezi kilikimbilia mstari wa 65,536, wakati majina yanaisha mapema kabisa. Rangi na mistari ya jedwali vilikuwa vimepakwa hadi mwisho wa shiti. Excel ya 2003 inavumilia michanganyiko ipatayo 4,000 ya mitindo ya seli (visanduku vya jedwali) kwa kitabu kizima. Umeme ulimalizia tu kazi. Mzigo ulikuwa umeshabebeshwa miaka mingi.

Usafi wake haukuwa mgumu. Nikafungua kitabu kipya, nikakopi data, nikapaste kwa njia maalumu ya kuchagua: maandishi, namba, tarehe na fomula ndiyo, mitindo na vitu vya kuchora hapana. Faili lililotoka lilikuwa dogo kiasi cha kutumwa kwa simu. Kama faili lako lina fomula zinazovuta kutoka faili jingine lililokuwa kwenye flashi iliyopotea, ukiulizwa kusasisha viungo kataa. Utabaki na thamani za mwisho zilizohifadhiwa.

Sasa niseme kuhusu namba, maana hapa ndipo mtu anaweza kushangilia faili limefunguka kumbe fedha za mtu zinakwenda kusiko. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Shiti letu lilikuwa na safu ya NIDA iliyoandikwa kama namba, na wakulima wote mwisho wa namba zao ni sifuri tano. Hilo halikuletwa na umeme. Lilikuwepo tangu siku ya kuandikwa, na Calc haiwezi kuzirudisha kwa sababu hazimo, na yenyewe pia ina ukomo huohuo kwenye namba. Ilibidi vitambulisho vikusanywe upya. Namba za akaunti zinazoanza na sifuri zilisalimika kwa kuwa ziliandikwa kama maandishi. Lakini ukipitishia data kwenye CSV (faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma), sifuri ya mbele huanguka usipokuwa makini. Calc ina faida hapa: kabla ya kufungua CSV inakuonyesha dirisha lenye safu zote, unabofya kichwa cha safu ya akaunti, ya simu, ya NIDA, unaziambia ni maandishi, ndipo unakubali. Huna haja ya kulikumbuka, dirisha linajileta lenyewe.

Kuhakiki nilifanya kwa kilo. Ukichagua safu ya kilo, jumla inatokea chini ya dirisha. Nikailinganisha siku kwa siku na daftari la mzani la karatasi, na pale ilipotofautiana nikaita stakabadhi za wahusika. Yule mzee kilo zake zilikuwa sawasawa.

Mapungufu yapo. Kitabu chetu kilikuwa na kitufe cha makro (amri zilizoandikwa ndani ya faili zijiendeshe zenyewe) cha kuchapa hati za malipo moja baada ya nyingine, na kwenye Calc hakikufanya kazi. Makro za Excel inazielewa nusunusu. Upana wa safu ulisogea, jedwali lililokuwa linaenea ukurasa mmoja wa A4 likamwagika kwenye wa pili, nikalazimika kupanga upya. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inachelewa kuamka. Na ukisevu faili la umbo la Excel inakuuliza kama ulibakize hivyo au utumie .ods, umbo lake yenyewe. Mimi nafanyia kazi kwenye .ods, natuma kwa .xlsx, umbo jipya la Excel, na .xls sirudi tena.

Kwa wanaohofia kwamba ni kitu kigeni: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Vijana wanaoingia ofisini wangefundishwa hii tangu mwanzo ningefurahi sana.

Ofisi ambazo bado zina XP na Excel ya 2003 zijue kwamba zote mbili ziliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kwa mashine za namna hiyo, toleo la mwisho la LibreOffice linalokubali ni la 5.4, na linapatikana kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani ya tovuti yao; kuanzia 6.0 XP haipokelewi. Ukiweza kuazima kompyuta mpya zaidi kwa siku moja, fanyia uokoaji huko, kisha ununue UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya mnada unaofuata.