Nywele za asili safarini Uganda: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Ukipita Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, ukasema unasafiri na nywele zako za asili, utapangiwa mezani mafuta ya nyonyo, ya nazi, ya parachichi, na kopo jingine la kijani lenye picha ya msichana mwenye nywele hadi kiunoni. Wengi wetu tulianza kufuga nywele baada ya kumaliza shule, maana shule nyingi za hapa zinataka wasichana wanyoe, kwa hiyo tunaingia dukani bila mazoea na muuzaji anatusoma upesi.

Mimi nasema mafuta yasitangulie. Nywele zilizojaa mafuta zikikutana na vumbi jekundu la murram, tuseme barabara ya Kotido kwenda Kaabong, unashuka na tope kichwani, na tope hilo halitoki kwa kindoo kimoja cha maji ya gesti. Safarini nywele zinakatika kwa msuguano, vumbi na ukavu. Basi nunua kwanza cha kufunika, kisha cha kulowesha, halafu ndiyo cha kuzuia unyevu usitoroke.

Nafasi ya kwanza: kofia ya satini, pamoja na skafu

Hiki ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachookoa nywele nyingi zaidi. Usihangaike kutafuta hariri. Satini nyingi ya sokoni ni poliesta na haina ubaya, mradi iteleze. Ijaribu hapohapo: pitisha kitambaa juu ya ukucha uliovunjika au ngozi kavu ya kidole. Kikinasa hapo, kitanasa kwenye nywele pia.

Kisha igeuze ndani nje. Kofia kadhaa zinazong'aa zimeshonwa satini nje na pamba ndani. Satini inampendeza anayekutazama, na pamba inakunywa unyevu wako usiku kucha. Satini inatakiwa igusane na nywele. Ukipata yenye satini pande zote mbili, lipa tofauti ya bei bila kunung'unika. Mpira nao uvute na kuuachia mara mbili tatu. Unaobana hadi kuacha alama kwenye paji la uso utanyofoa nywele za ukingoni, na hizo zikishaondoka zinarudi kwa kuringa. Mimi napenda zaidi ya kufunga kwa kamba.

Skafu ni ya mchana. Kwenye basi la Gulu au la Kasese kichwa chako kitasuguana na kitambaa cha kiti kwa saa kadhaa, dirisha la jirani likiwa wazi, na huwezi kumlazimisha alifunge. Kwenye boda inakaa chini ya helmeti ambayo imeshavaliwa na abiria wengi kabla yako. Hapo ni suala la usafi pia. Soko la Owino mjini Kampala, upande wa mitumba, utapata skafu laini kuliko mpya nyingi za madukani. Ifue kabla ya kuivaa. Na mkipita barabara ya Masaka mkafika Lukaya, wauza kuku na gonja (ndizi za kuchoma) wakijaa dirishani, kula kwanza, futa mikono, ndipo uguse kichwa.

Ya pili: chupa ya kupuliza, na kondishona ya kuacha kichwani

Vihesabu kama kitu kimoja, kwa sababu kimoja bila kingine ni kazi nusu. Chupa mwombe muuzaji aitie maji uione ikifanya kazi. Inayotoa ukungu mwembamba ichukue. Inayorusha maji kama bomba iache, itakulowesha shingo na nguo na kuacha nywele kavu. Tazama pia kama mdomo wake unafungika, la sivyo itajimwaga ndani ya begi.

Kwenye kondishona soma orodha ya viambato. Maji yawe ya kwanza. Jina likiwa geni kwako, tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana bidhaa za kughushi zipo na kifungashio chake hufanana na cha kweli. Gilisirini ikiwa juu kwenye orodha, jiulize unaelekea wapi. Gilisirini huvuta maji kutoka palipo na maji. Kampala, Entebbe au visiwa vya Ssese hewa ina unyevu wa kutosha na nywele zitafurahi. Moroto mwezi wa Januari hewa ni kavu, kwa hiyo inaweza kuyavuta maji kutoka ndani ya unywele wenyewe, ukaamka na kichwa kama majani makavu.

Mimi huchanganya kondishona kidogo na maji safi ndani ya chupa, kiasi cha siku mbili tatu tu. Ukishaipunguza nguvu kwa maji haidumu, hivyo usitengeneze ya safari nzima. Kama utaogelea kwenye bwawa la hoteli au kwenye Nile kule Jinja, lowesha nywele kwa maji safi na upake kondishona kabla ya kuingia. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hunywa klorini kidogo.

Ya tatu: siagi ya shea ya kaskazini

Nimeiweka ya tatu, ingawa kwa mapenzi ingekuwa ya kwanza. Shea ya Uganda, mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea, inatoka Lango, Acholi, Teso na West Nile, na ni ya jamii inayoitwa nilotica. Ina asidi ya oleiki (aina ya mafuta laini) nyingi kuliko shea ya Afrika Magharibi, ndiyo maana ni laini na huyeyuka haraka mkononi. Ile ya Ghana wakati mwingine unaikwangua kwa kijiko. Hii unaichota kwa kidole.

Ukiinunua, chota kiasi cha punje ya mahindi, weka kiganjani na usugue. Iyeyuke upesi na iache ngozi laini. Rangi yake iwe ya maziwa kuelekea manjano. Ikinukia moshi kidogo, imechemshwa kienyeji, na moshi huo hauna tatizo ila kama jirani yako kitini atalalamika. Iliyokamuliwa bila moto ina harufu nyepesi ya njugu. Nyeupe kabisa isiyo na harufu yoyote imesafishwa kiwandani. Inafaa, lakini usilipishwe bei ya ile ya asili. Ukikuta chembechembe kama mchanga usidhani imeharibika. Iliyeyuka ikapoa polepole. Harufu chachu ya mafuta ya zamani ndiyo ya kukimbia.

Bei imekuwa ikipanda, na miti yenyewe inakatwa kuchoma mkaa wakati mche huchukua miaka 15 au zaidi kuzaa. Hivyo usinunue kilo ya safari ya wiki. Kikopo kidogo chenye kifuniko cha kuzungusha kinatosha, maana unapaka kidogo, kwenye ncha, baada ya kupuliza maji. Joto la Gulu litaiyeyusha: kopo la kubonyeza litavuja na nguo zako zote zitanukia shea hadi urudi.

Ya nne: chanuo la meno mapana

Pitisha kidole katikati ya meno. Ukisikia mshono wa plastiki unakwaruza, rudisha. Basi.

Kama pesa imebaki, mlipe msusi kabla ya kuongeza kopo lolote. Mistari ya kawaida, ile inayoitwa biswahili mjini Kampala, bila rasta, inakupunguzia kazi ya kila asubuhi. Wandegeya hawakosekani wasusi. Suka siku mbili kabla ya safari ili ngozi itulie, na anayevuta hadi macho yanalegea mwambie palepale alegeze.

Vya kuacha dukani

Mafuta ya nazi ni mazuri nyumbani, na yanaingia ndani ya unywele kuliko mafuta mengi. Ila huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Kabale, mita 2,000 hivi juu ya bahari, asubuhi utakuta jiwe ndani ya chupa; Arua mchana yatakuwa maji. Jeli ya kushika nywele hukauka na kuacha unga mweupe unaoshirikiana na vumbi. Chupa kubwa ya shampuu ni mzigo mtupu, mimina kidogo kwenye kichupa.

Wanaopanda ndege Entebbe wakumbuke kuwa shea huhesabiwa pamoja na krimu. Kwenye begi la mkononi kila chombo kisizidi mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha. Kopo kubwa liende kwenye mzigo wa chini, ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili, kifuniko kikitazama juu.