Ruzuku ya utafiti au nafuu ya kodi?

Serikali inayotaka kukuza sayansi na teknolojia ina njia mbili kubwa za kutumia fedha zake: kuwapa watafiti ruzuku moja kwa moja, au kuzipunguzia kodi kampuni zinazofanya utafiti.

Ruzuku huiachia serikali usukani. Wataalamu hupitia maombi, huchagua yenye uzito, na fedha huweza kufika kwenye maswali ambayo mfanyabiashara hayagusi kwa kuwa faida yake iko mbali. ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ulianza mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wakati soko la kitu kama hicho halikuwepo kabisa. Ubaya wa ruzuku ni urasimu: fomu ndefu, kusubiri kwingi, na waamuzi wanaopendelea mawazo waliyoyazoea. Hili la mwisho linaniuma zaidi, maana mtafiti kijana mwenye wazo geni ndiye anayeachwa nje.

Nafuu ya kodi, ambayo Marekani iliianzisha mwaka 1981, ni nyepesi kuiendesha. Kampuni huamua yenyewe ichunguze nini. Lakini kampuni changa ambayo bado haijapata faida haina kodi ya kupunguziwa, labda sheria iruhusu ilipwe fedha taslimu.

Kwa nchi yenye maabara chache, mimi ningeanza na ruzuku. Nafuu ya kodi huongeza utafiti pale ulipo tayari; haijengi maabara ya chuo kikuu wala haimsomeshi mtafiti wa kwanza.