Mlango ulitoka shubiri moja ukagoma

"Hapa si wodi ya hospitali." Maneno hayo aliambiwa mama yangu, mtu mzima wa miaka 70 na ushee, kwenye daraja la biashara la ndege, katika kiti ambacho sisi watoto wake wanne tulichanga miezi kadhaa kukipata. Yeye hakuyaelewa kwa sababu yalisemwa kwa Kiingereza. Mimi niliyaelewa, na mpaka leo nikiyakumbuka kifua kinabana.

Shirika silitaji. Ilikuwa kipindi cha vuli, karibu mwaka sasa, na nilidhani nikikaa kimya hasira itapoa. Haijapoa.

Kaka yetu anaishi Maryland. Mkewe alijifungua, mama akataka amshike mjukuu wake kwa mikono yake. Tatizo ni goti. Lilifanyiwa upasuaji, na tangu hapo akikaa muda mrefu miguu inavimba. Daktari alisema asafiri, ila apate pa kunyoosha miguu. Dar mpaka Ghuba si haba, saa 5 na kitu, unafumba macho unafika. Lakini kutoka Ghuba mpaka Washington ni kama saa 14. Tukakubaliana kwenye kundi la familia: mama akae mbele, mimi kitinda mimba nimsindikize nikiwa nyuma, maana fedha zilitosha kiti kimoja tu. Tiketi yake ilizidi milioni 12 kwenda na kurudi. Dada aliuza hereni.

Sasa naomba mnielewe vizuri hapa. Kitanda peke yake tungekipata kwa bei nafuu zaidi kwa shirika jingine. Sisi tulifuata mlango, yaani kiti kilichozungushiwa ukuta kama chumba kidogo, chenye mlango wake. Mama hajawahi maishani mwake kujinyoosha mbele ya wanaume wasio maharimu zake. Akienda kulala huvua ushungi, hufumua nywele, hujikanda goti kwa mafuta ya karafuu. Nilimwonyesha video kwenye simu: mtu anasukuma mlango, unateleza, unafunga, yuko peke yake. Akaniuliza, "Na unafunga kabisa?" Nikamwambia kabisa. Akauliza tena kesho yake. Nikamwambia kabisa, mama.

Na si kwamba mlango huo ni kitu kidogo kwa mashirika ya ndege. Singapore Airlines waliweka vyumba vyenye milango kwenye ndege za A380 mwaka 2007, lakini hiyo ilikuwa hata zaidi ya daraja la kwanza, si ya watu wa kuchanga kama sisi. Qatar Airways walipoleta chumba chao kiitwacho Qsuite mwaka 2017 mlango ukateremka hadi daraja la biashara, British Airways nao wakaja na chumba chao mwaka 2019 kwenye A350, na siku hizi tangazo la daraja la biashara bila picha ya mlango hulioni. Viti vinavyolala vipo miaka na miaka. Kinachouzwa leo ni mlango. Ndiyo maana mtu akiniambia mlango ni nyongeza tu, napandwa na damu.

Safari ya kwanza kutoka Dar ilikwenda salama. Viti vya mbele vya kawaida, hakuna milango, na hakuna aliyetuahidi milango. Kwenye ndege ya pili niliruhusiwa kumfikisha mama hadi kwenye chumba chake. Nikampiga picha ameketi, mkoba mapajani, nikaituma kwenye kundi. Dada akajibu kwa mikono ya dua. Mlango ulikuwa wazi, na sikuhoji, kwa sababu ndege ikiwa chini, ikiruka na ikitua milango yote hubanwa wazi ili mtu asinasie ndani. Kwa hiyo kama mlango ni mbovu, abiria anakuja kujua akiwa angani, pasipo fundi.

Nikaenda kwangu nyuma kabisa, karibu na choo, nikalala fofofo kwa amani ya mtu aliyemtendea mamake jema.

Sijui zilipita saa ngapi, tatu au nne, nikahisi mtu ananigusa bega. Mhudumu, binti wa Mombasa. "Kaka, wewe ndiye mwana wa yule mama wa mbele? Njoo tafadhali. Hajalala, na kila nikimuuliza ananiambia yuko sawa."

Nilimkuta mama hivi. Taa zimefifishwa. Kitanda kimetandikwa, godoro jeupe, duveti imekunjuliwa nusu. Na yeye ameketi ukingoni mwa hicho kitanda, mgongo umenyooka, ushungi umebanwa kwa pini, miguu sakafuni, macho makavu. Mlango ulikuwa umetoka shubiri moja ukagoma. Nikauvuta. Binti akauvuta. Hauendi mbele haurudi nyuma. Na chumba chenyewe kiko kwenye njia ya kwenda chooni, kila dakika mwanaume anapita, na wengine wanachungulia kama mtu anavyochungulia duka lililo wazi.

"Mama, mbona hujalala?"

"Nilale vipi mwanangu, na watu wanapita?"

Nikapiga magoti nikamshika kifundo cha mguu. Soksi ilikuwa imezama kwenye nyama.

Yule binti, Mungu amlipe, hakungoja kuambiwa. Alichukua blanketi akalichomeka pembe moja juu ya ukuta na nyingine kwenye ule mlango mkaidi, likaning'inia kama pazia. "Haya mama, jinyooshe, mimi nitapitapita hapa." Mama akaanza kutoa pini za ushungi. Alikuwa akizitoa moja moja na kuzishika midomoni, kama alivyokuwa akifanya nyumbani tulipokuwa wadogo. Ya tatu ilikuwa mdomoni alipokuja kiongozi wa wahudumu.

Akalishusha blanketi kwa mkono mmoja, bila kubisha, bila samahani. Akasema haliruhusiwi, linaziba njia ya kutokea. Hilo nalikubali kabisa. Ndani ya ndege njia haizibwi, na angeniambia kwa adabu ningelishusha mwenyewe. Lakini akaongeza yale maneno ya wodi, akimtazama mama kichwani, na mama kichwa kiko nusu wazi. Nikamwomba chumba kingine. Vimejaa. Nikamwomba amuulize abiria yeyote mwanaume kama anaweza kubadilishana, maana mwanaume mlango ukikwama haimhusu sana. Hawezi kusumbua wageni. Wageni! Na huyu aliyeketi hapa ni nani? Kisha akaniambia nirudi nilikotoka, tiketi yangu si ya upande huu.

Binti alikuwa anakunja blanketi, hainui uso. Mama akazitoa pini mdomoni akaanza kuzirudisha. Moja. Ya pili. Ya tatu.

Washington viatu havikuingia. Alishuka na soksi za ndege, kwenye kiti cha magurudumu, na alipomwona kaka alicheka, akasema safari njema, watu wakarimu. Ndivyo alivyo. Siku ya tatu tunakula akasema kama anayepiga soga, "Kile chumba kilichonielekea kilikuwa na koti tu. Tangu tulipoondoka, koti tu." Nikaacha kula. Labda nacho kilikuwa kibovu, inawezekana, ndege moja ikawa na milango miwili mibovu. Lakini aliyesema "vimejaa" hakunyanyua hata macho kukitazama.

Tulilalamika. Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi: poleni kwa usumbufu, kiti cha mama yenu kilikuwa kinalala, kwa hiyo huduma ilitolewa, na aina ya kiti haidhaminiwi kwenye masharti. Nimeyasoma hayo masharti, ni kweli, mashirika karibu yote yanajiwekea haki ya kubadilisha ndege au kiti. Wakatupa maili kadhaa za bonasi, zile pointi za safari. Kuhusu lile neno la wodi, kimya.

Kwa hiyo mwenye mzazi anayetaka kumkatia tiketi ya namna hii, usiamini picha. Kabla hawajafunga mlango wa ndege, mwambie mhudumu aujaribu mlango wa chumba mbele yako, autoe wote, kisha aubane tena. Ukikwama, simama hapo hapo uombe kubadilishiwa, wakati bado kuna fundi chini na msimamizi wa kituo yuko karibu. Mkishapaa mmekwisha.

Nyota za kulipima shirika hili? Nilipanga kutoa mbili. Moja ya samaki, maana mama aliusifia ule mchuzi na kahawa chungu ya kwenye kikombe kidogo na tende zake, na moja ya yule binti. Nikafikiria, samaki hata mgahawani wapo, na binti alitenda mema kwa moyo wake, si kwa mafunzo yao, tena huenda alikaripiwa. Nikafuta zote mbili.

Ila kuna safari ya kurudi, na sitaficha. Shirika lile lile. Mlango ulifunga. Mhudumu mwingine alikuwa anabisha kila mara na kungoja sauti ya mama kabla hajaufungua. Tulipotua Ghuba nilisimama nikimngoja akatoka na alama ya mkunjo wa mto shavuni, ndefu kutoka jichoni hadi kidevuni, ushungi umekaa upande. Alikuwa amelala kwa muda wa saa 9. Nikageukia ukutani nikalia kidogo. Basi wapeni tatu. Hapana. Yule mama kiongozi wa wahudumu bado yuko kazini, na hajamwomba mtu radhi. Moja.

Juzi kaka ameuliza kwenye kundi, mwakani tumkatie mama na nani? Mama, ambaye huandikiwa na mjukuu mwingine, akajibu kabla yetu: hao hao, ila mfunge mlango. Wenzangu wote wameweka dole gumba. Mimi sijaandika kitu.