Accu-Chek Active kwenye baridi ya Nyanda za Juu: mashine nzuri, ila isigeuzwe hakimu

Mashine ya kupima sukari ya damu haina moyo, lakini katika nyumba nyingi za Mbeya, Njombe na Iringa ndiyo inayoamua asubuhi itakuwaje. Ikitoa 6.1 (kwa kipimio cha mmol/L, kama namba nyingine hapa chini), chai inanyweka kwa amani. Ikitoa 13.4, mmoja atanuna mpaka mchana na mwingine atauliza, "Mama, jana ulikula nini tena?" Ndiyo maana Accu-Chek Active, moja ya mashine hizo, inafaa kutazamwa kwa mambo mawili: inasoma vizuri kiasi gani, na inamwachaje aliyeishika.

Kwenye kusoma haina shida. Tone dogo tu la damu linatosha, na jibu hutoka ndani ya sekunde 5, kuanzia 0.6 hadi 33.3. Inafanya kazi kwa mwanga: kitambaa kidogo kwenye stripi (kile kijiti chembamba kinachowekewa damu) hubadilika rangi, na mashine huitazama rangi hiyo kutoka chini. Hapo ndipo penye uzuri wake na udhaifu wake. Uzuri ni kwamba nyuma ya stripi kuna kidoti cha duara; baada ya kupima, rangi yake hulinganishwa na zile zilizochorwa kwenye kopo. Rangi zikipishana na namba iliyotoka, rudia kipimo. Zikilingana, hakuna haja ya kuchoma stripi ya pili kwa wasiwasi. Udhaifu ni kwamba kidirisha cha mwanga kikiingia damu au vumbi, majibu yanaharibika au mashine inagoma. Kifute kwa pamba yenye unyevu kidogo, kisha kiache kikauke. Na usipimie juani kibarazani, pima kivulini.

Sasa baridi. Mashine hii imetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 8 na 42. Mwezi wa sita na wa saba, jiko la nje la Makete au Uyole alfajiri linaweza kuwa chini ya hapo; mashine huonyesha alama ya kipimajoto na hapo mtu anadhani imekufa. Haijafa. Iingize ndani, iache itulie yenyewe kwenye chumba chenye joto la kawaida. Kuiweka kando ya jiko la mkaa au kuining'iniza juu ya moshi ni kuiua kweli. Mahali pake pa kulala ni chumbani, si jikoni.

Vidole navyo huganda, na hili ndilo linalowakasirisha watu zaidi. Damu haitoki, mtu anakamua, anatoboa tena, anakamua tena. Kukamua sana huchanganya damu na maji ya kwenye nyama, namba ikashuka kwa uongo. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa, shusha mkono chini kwa dakika moja hivi, kisha toboa ubavuni mwa kidole, si kwenye ncha inayoshika kila kitu. Kitobolezi cha Softclix, yaani kifaa cha kutobolea kidole, kina ngazi 11 za kina. Anza na ndogo, panda taratibu. Mtu aliyetoboa vidole vitatu kabla ya chai hasemi "nimechoka na baridi", anasema "sipimi tena". Kuosha mikono si unadhifu tu: aliyetoka kumenya ndizi au embe ana sukari kidoleni, na mashine itaihesabu.

Halafu kuna ugonjwa wa kufukuza pointi. Kiwango cha 2013 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kinaruhusu mashine kupishana na maabara kwa hadi asilimia 15 pale sukari inapozidi 5.5. Maana yake, 8.0 ya kweli inaweza kusomeka 6.8 au 9.2, na mashine bado ikawa nzima. Kugombana na mwili kwa sababu jana ilikuwa 7.4 na leo 7.9 ni kupoteza usingizi na stripi. Tazama mwelekeo wa siku kadhaa. Na kama mashine imeletwa kutoka India ikaonyesha 144, usipige yowe: hiyo hutumia kipimio kingine, mg/dL. Gawanya kwa 18, ni 8.0. Kipimio hicho hakibadilishwi kwenye mashine.

Mashine hurudisha gharama yake kwenye hasira isiyo na sababu. Sukari ikishuka chini ya 3.9, mwili humwaga adrenalini, homoni ya hofu na hatari: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno makali. Wasiwasi wa kawaida huleta hayohayo, na kwa hisia tu hakuna awezaye kuzitofautisha kila mara. Kwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, kanuni ya nyumbani iwe pima kwanza, mgombane baadaye. Ikiwa chini, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Parachichi na chapati si dawa hapo, mafuta huchelewesha sukari kuingia. Stripi zikiisha, mpe sukari bila kusubiri kipimo. Akiwa hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni. Apelekwe hospitali haraka. Na baada ya namba kupanda, mpe muda, maana adrenalini haiondoki papo hapo na maneno makali yanaweza kuendelea kidogo.

Ulanzi na komoni vina mtego wake. Pombe hulizuia ini kutoa sukari ya akiba, kwa hiyo kushuka kunaweza kuja saa nyingi baadaye, usiku wa manane, na wenzake mnywaji wakaona mlevi tu.

Upande wa pili, msiba, kukosa usingizi na ugomvi hupandisha sukari hata kwa aliyekula vizuri, kwa sababu homoni za msongo huliamuru ini limwage sukari. Swali la "ulikula nini" hapo ni uonevu. Bora "ulilalaje?"

Mashine hukumbuka vipimo 500 pamoja na tarehe na saa, na unaweza kuweka alama ya kabla au baada ya kula. Saa isipowekwa sawa, kumbukumbu yote ni porojo. Ikague kila unapobadilisha betri, ile ya duara CR2032. Kumbukumbu hii inawaumbua wanaopika namba kwenye daftari usiku wa kuamkia kliniki. Wanapika kwa kuogopa kukaripiwa, na matokeo yake daktari anapanga dawa kwa namba za kubuni.

Kinachokosekana ni nafasi ya kuandika hali ya moyo. Daftari la shule linatosha: saa, namba, chakula, na neno moja, kama "nimechoka", "hasira", "sawa". Wiki mbili zikipita, hilo neno moja huonyesha kitu ambacho wastani wa siku 14 wa mashine hauonyeshi. Likiwa "nimechoka" kila siku, na hamu ya mambo uliyoyapenda imekwisha, liseme kliniki kama unavyosema maumivu ya mguu.

Ukienda kuinunua Mwanjelwa, Mbeya, au kwingineko, uliza kwanza bei ya kopo la stripi 50, maana mashine hununuliwa mara moja na stripi kila mara. Soma tarehe ya mwisho, hakikisha kopo halijafunguliwa, na lifunge mara tu unapotoa stripi. Unyevu wa ukungu wa Tukuyu huziharibu kimyakimya.