Pipa la mboji la kuzungusha lenye vyumba viwili: linafaa kwa nyumba chache zinazoishi pamoja, ila tangazo lake msiliamini

Hii naiandika kwa wale mnaoishi kwenye makazi ya pamoja kama sisi, nyumba chache zimezunguka ua mmoja, kila familia ina mlango wake na jiko lake ila stoo ya vifaa, mashine ya kufulia na bustani ni za wote. Rivyu nyingi za haya mapipa watu wanaandika siku ileile wamelitoa kwenye boksi, wanasifia rangi, wanatoa nyota 5, basi. Sasa mboji huwezi kuisemea kitu mpaka umejaza, umesubiri, umetoa na umeimwaga bustanini, ndo utajua ulinunua nini. Sisi tumeshafika huko, la kwetu ni la lita 160, yaani 80 kila upande, na mimi nalipatia nyota 4.

Kwenye maisha ya hivi mambo mengi ya kutunza mazingira ni mepesi sana. Tangu makazi ya pamoja ya Sættedammen kule Denmark, watu walipohamia mwaka 1972, haya makazi yamesimama juu ya kutumia vitu kwa pamoja, na kweli drili moja inatosha nyumba zote, ngazi moja, toroli moja, hapo hakuna hata cha kujadili. Kazi iko kwenye taka za jikoni. Jiko ni la kwako ila harufu ni ya wote. Na ukizipeleka dampo zinafukiwa zinaoza bila hewa, zinatoa methani, gesi ambayo ukipima kwa miaka 100 inashika joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni dioksaidi, kwaiyo kuzimalizia hapohapo uani ni jambo kubwa jamani sio mapambo.

Kinachonifanya nilipende hili pipa ni ule ukuta wa katikati. Pipa la chumba kimoja kwa familia moja linaweza kwenda, ila kwa watu wengi halifanyi kazi kabisa, maana kila siku kuna mtu anamwaga, leo maganda, kesho majani ya chai, keshokutwa mboga zilizonyauka, kwaiyo kilichokaribia kuiva kinachanganyika na kibichi na hakuna siku utasema sasa tayari tutoe. Hapa mnajaza upande mmoja, ukijaa mnaufunga unapumzika, mnahamia wa pili. Sisi upande unaopumzika tunaufunga kitambaa chekundu kwenye kishikio, na tangu tumeanza hivyo hata mgeni aliyekuja kulala siku mbili hakosei pa kumwaga. Panya nao hawaingii, pipa liko juu ya miguu ya chuma na mlango unabana, hilo nalisifia kwa moyo wote.

Ila nisikilizeni vizuri hapa, maana ndo palipo na siri yote na karatasi ya maelezo imepasema kwa mstari mmoja tu. Anayetengeneza mboji ni bakteria, pipa ni nyumba yao tu, na wanataka kaboni kama mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Kaboni nyingi iko kwenye vikavu, naitrojeni kwenye vibichi, kwaiyo kwa lugha ya uani ni kwamba kila ndoo ya maganda ifuatiwe na ndoo kama mbili za vitu vikavu, majani yaliyopukutika, maranda ya mbao, katoni zilizochanwachanwa zisizo na plastiki juu. Na kwenye makazi ya pamoja maganda kila mtu analeta, majani makavu haleti mtu! Matokeo yake ndani kunakuwa tope, ukifungua kama ni harufu ya mkojo ujue naitrojeni imezidi, kama ni ya yai viza ujue hewa haipiti, na zote mbili dawa yake ni ileile, ongeza vikavu na zungusha. Sisi tuliweka gudulia kubwa lenye mfuniko pembeni ya pipa, limejaa majani makavu muda wote, na kuna mtu wa zamu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuhakikisha haliishi. Sio zamu ya kuzungusha, kuzungusha watoto wanagombania wenyewe, zamu ni ya majani. Unyevu unaupima kwa mkono, chota, kamua, yakitoka matone mawili matatu iko sawa, yakitiririka ongeza katoni.

Sasa tangazo. Linasema mboji kwa wiki 2, na hilo sio kweli. Ili lundo lishike moto sawasawa linahitaji ukubwa wa kama mita 1 kila upande, sasa lita 80 zinapata joto mchana usiku linapotea, kazi inaenda polepole. Tegemeeni miezi kadhaa tangu mfunge upande hadi mtoe kitu cheusi kinachonukia udongo. Na kwa vile halifiki nyuzi 55 likakaa hapo siku tatu mfululizo, ambacho ndo kipimo cha kuua vijidudu na mbegu, msitie magugu yenye mbegu wala kinyesi cha mbwa na paka. Nyama, mafuta na maziwa pia hapana. Na ile mifuko iliyoandikwa inaoza, mingi inahitaji joto la viwandani, humu mnaitoa vilevile imechanika tu, kwaiyo waambieni majirani mapema wamwage maganda mfuko wabaki nao.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya uzito. Likijaa, bibi wa nyumba ya pili kwetu hawezi kulizungusha kabisa, na kitu cha pamoja ambacho mmoja wetu hakiwezi mimi kinaniuma. Siku hizi tunaufunga upande ukifika robo tatu, afadhali kidogo, na hewa inapita vizuri zaidi. Skrubu zimepata kutu, mlango wa kuteleza unakwama ukiingia uchafu kwenye reli, na maji meusi yanadondoka chini kwaiyo wekeni beseni. Mlango uliopasuka tumemuulizia aliyetuuzia tukaambiwa spea hakuna, jambo ambalo kwa bidhaa inayouzwa kwa jina la mazingira halikubaliki hata kidogo.

Kama mko kaya 4 au 5 nunueni. Mkizidi hapo hizo hela pelekeni kwa fundi awatengenezee maboksi matatu ya mbao ya mita kwa mita, moja la kujaza, moja la kugeuzia, moja la kuivia, joto litakuwepo na spea ni ubao tu. Na mkienda kulichukua hili, kabla ya kulipa angalieni chuma cha katikati kama kinapita mwanzo hadi mwisho wa pipa, maana yapo yanayoshikiliwa na vipande viwili vifupi pembeni na hayo yakijaa yanapinda.