Keji ya Suzuki yangu: nilianza na paipu za maji, nikaishia kwenye zisizo na mshono

Wakuu, nina kaSuzuki kafupi nimekakata bodi, ndo napandia nako mashambani. Ukishapita zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba mvua ikiwa imenyesha hutaniuliza keji ya nini, yaani ile fremu ya paipu ya kukulinda gari likipinduka.

Mara ya kwanza nilinunua paipu za maji duka moja hapa Mwanjelwa, Mbeya, za inchi moja na nusu, zile nyeupe zilizopakwa zinki. Mi nikajua inchi na nusu ni kipimo cha nje, kumbe za maji zinaitwa kwa tundu la ndani, nje ni milimita 48 na kidogo. Fundi alivyoanza kuchomelea ile zinki ikatoa moshi mweupe, jioni kanywa maziwa yake kama kawaida ya mafundi wakivuta huo moshi na usiku homa ikampiga hivohivo, asubuhi hakuja. Halafu kwenye kubendi (kukunja paipu), mshono, ule mstari paipu ilipoungwa kiwandani, ulikaa upande wa nje wa kona ukafunguka kama ganda la njegere. Anasema tungeulaza ubavuni ungehimili, sawa fundi, ila mi sitaki tena mshono juu ya kichwa changu.

Nikaingia kusoma masharti ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ya magari ya mashindano: paipu isiyo na mshono, upinde mkuu (ule wa nyuma ya dereva) 45 kwa 2.5 au 50 kwa 2, paipu zingine za keji 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2, zote milimita, kipenyo cha nje kwanza halafu unene wa ukuta. Mi nikachagua 45 kwa 2.5. Hardwea za huku nilizozunguka hamna, nikaagiza Dar zikaja na fuso.

Hapa sasa msimwamini mtu, karatasi inaweza kuandika 2.5 na paipu ikawa nyembamba. Nikaazima vernia, kile kipimo cha unene, kwa mkereza vyuma nikapima ncha zote, alafu nikapeleka kwenye mzani wa magunia ya viazi. Hesabu yake: kipenyo cha nje toa unene, zidisha kwa unene, zidisha 0.02466, unapata kilo za mita moja. Urefu wa mita 6 wa ile 45 kwa 2.5 ulitakiwa uje kilo 15.7, ukaja 15 na nusu, nikaridhika. Ile ya maji yenye ukuta wa 3.2 ingekuwa kilo 21 na zaidi kwa urefu huohuo, mzigo mkubwa kwa kaSuzuki kenye injini ya sisi 1300.

Kilichonitesa ni benda, mashine ya kukunja paipu. Mashine za huku zina kalibu (kile chuma chenye mfereji paipu inapokunjiwa) za paipu za maji, ukiweka ya 45 kwenye kalibu ya 48 inabonyea ubavuni, tuliharibu kipande kizima ndo nikamlipa mkereza atengeneze kalibu ya saizi yake.

Hii isiyo na mshono inachomeka safi sana, hamna moshi wa ajabu. Ubaya wake haina zinki, niliiacha nje wiki mbili na ukungu huu wa Uyole nikaikuta nyekundu yote, siku nzima nikashinda na msasa kabla ya kupaka rangi.