Uzoefu wangu: mashindano ya kuogelea "ya wote" ambayo saa zilizimwa kabla mtu hajamaliza

Mtunza muda ana kazi moja: kuanzisha saa ishara inapotolewa na kuizima mkono wa mwogeleaji unapogusa ukuta. Hana mamlaka ya kumtoa mtu mashindanoni. Naanza na hili kwa sababu kwenye mashindano niliyoshiriki msimu huu, yaliyotangazwa kwa maneno "karibuni wote, wa kasi na wa polepole", mtunza muda wa leni ya 1 aliinama ukingoni akamwambia mama mmoja aliyekuwa katikati ya mbio ya mita 200 mtindo huru: "Umeshatolewa, mama. Toka, unatuchelewesha."

Nilikuwa nyuma ya leni ya 2 nikisubiri kundi langu. Nilisikia kila neno, na hasira haijanitoka hadi leo.

Kosa la yule mama lilikuwa nini? Miwani ilimwingia maji. Alipofika upande wa kina kifupi alisimama, akaimwaga maji, akaivaa upya na kuendelea kuogelea kutoka palepale. Kanuni za World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, ziko wazi: katika mtindo huru, kusimama kwenye sakafu ya bwawa si sababu ya kumwondoa mwogeleaji. Kinachokatazwa ni kutembea, na kujivuta kwa kamba ya leni. Yule mama hakupiga hatua hata moja wala hakugusa kamba. Na hata kama angekosea kweli, anayeamua ni mwamuzi mkuu, akishapokea taarifa ya msimamizi wa mtindo au wa kugeuka. Mwenye saa haamui. Mwogeleaji naye huachwa amalize kwanza, ndipo anafuatwa pembeni na kuelezwa kwa sauti ya kawaida. Kumpigia kelele mtu ambaye kichwa kiko majini nusu ya muda ni ukatili, kwa sababu anasikia vipande vya maneno na kudhani kuna hatari.

Hakutoka. Aliogelea hadi mwisho. Lakini alipogusa ukuta, watunza muda wawili kati ya watatu wa leni yake walikuwa wameshafuta saa zao, na watu wa kundi linalofuata walikuwa wamekwishaitwa nyuma ya majukwaa ya kuanzia.

Nimesoma maoni ya washiriki wengine wanaosema waandaaji walikuwa wamebanwa na muda. Ni kweli walibanwa, ila walijibana wenyewe, na mtu yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya kuogelea angeliona hilo kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe. Makundi yalipangwa kwa umri. Ukipanga kwa umri, kila kundi linapata mtu wa kasi anayemaliza mita 200 kwa dakika mbili na nusu pamoja na mtu wa kujifurahisha anayehitaji sita, na muda wa kundi zima ni muda wa mtu wa mwisho. Chukua waogeleaji 24 katika leni 6, yaani makundi manne. Wakichanganywa kwa umri, wa mwisho wa kila kundi wanaweza kumaliza kwa 6:30, 6:10, 5:50 na 5:20: jumla dakika 23 na sekunde 50. Wapange walewale kwa muda waliojiandikishia, na wa mwisho wa makundi wanakuwa kwenye 6:30, 4:20, 3:20 na 2:40: jumla dakika 16 na sekunde 50. Dakika saba zimeokolewa katika mbio moja tu, bila kumharakisha mtu yeyote. Matokeo yanaweza kutangazwa kwa umri baadaye. Ndivyo baadhi ya mashindano ya watu wazima yanavyofanya, waogeleaji wa miaka 25 na kuendelea, kwa vikundi vya miaka mitano mitano. Wanaogelea kulingana na kasi, wanatuzwa kulingana na umri.

Kuna faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko hizo dakika. Mwogeleaji wa polepole akiwekwa na wenzake wa kasi ileile anapata mtu wa kushindana naye. Anaona mikono ya jirani kwenye leni ya pili, anavuta kidogo zaidi, anacheka akifika ukutani. Akiwekwa na wa kasi, anamaliza mita 50 za mwisho peke yake huku bwawa zima likimtazama, kisha mtangazaji anasema "tumtie moyo jamani" na watu wanapiga yale makofi ya huruma. Siyapendi kabisa. Mtangazaji ataje jina na leni ya kila mtu kabla ya kuanza, kwa sauti ileile, na inatosha.

Nirudi nyuma kidogo, maana si haki kuandika kama hawakufanya lolote jema. Maelezo waliyotutumia kabla ya siku yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kupokea. Walieleza filimbi, kitu ambacho karibu hakuna anayemweleza mgeni: filimbi fupifupi mfululizo maana yake vua nguo za juu ujiandae, filimbi ndefu maana yake panda jukwaani, au ingia majini kama ni mbio ya chali, na kwa chali kuna filimbi ndefu ya pili ya kukurudisha ukutani ukashike mahali pa kuanzia. Walieleza kwamba mtindo wa chura na kipepeo lazima uguse ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja kila unapogeuka na unapomaliza, kosa linalowaondoa wageni wengi zaidi kwa ninavyoona mimi. Walishauri uvae miwani kwanza na kofia juu ya mkanda wake ili isivuke ukichupa, na uingie majini kidevu kikiwa kimeelekea kifuani. Walishauri uandike mkononi kwa kalamu isiyofutika namba ya mbio, kundi na leni. Aliyeandika waraka ule anawajua watu wasiowahi kushindana, na anawapenda.

Mbio ya kukisia muda nayo ilinifurahisha mno! Kila mtu anaandika muda anaodhani atatumia kwa mita 50, anavua saa ya mkononi, na mshindi ni yule ambaye tofauti kati ya alichokisia na alichoogelea ni ndogo zaidi. Bibi mmoja wa mtindo wa chura aliwashinda vijana wa klabu kwa sehemu ya sekunde, na vijana ndio waliomshangilia zaidi. Wanaotaka kuiga wazingatie mambo mawili. Saa kubwa ya ukutani ifunikwe au izimwe kabisa, la sivyo watu watakuwa wanaichungulia kila wakivuta pumzi. Pia iwekwe sharti kwamba ni marufuku kusimama au kuelea kabla ya kugusa ukuta, kwa sababu wapo wanaokaa hatua moja kutoka mwisho wakihesabu kimoyomoyo. La pili walilifanya. La kwanza walilisahau, lakini sina kinyongo.

Kwa hayo tu ningewapa nyota nne. Nilipofika nyumbani nilikuwa karibu kuandika hivyo.

Lakini kuna suala la kuanza. Pale bwawani kila mtu aliamriwa kuchupa kutoka jukwaani. Kanuni za watu wazima zinaruhusu kuanzia jukwaani, ukingoni, au ndani ya maji kwa kusukuma ukuta, na chaguo ni la mwogeleaji. Mtu akiomba kuanzia majini, jibu ni "sawa, shika ukuta kwa mkono mmoja". Hapa aliyeomba aliambiwa kwamba angewavuruga wenzake. Hakuna anayevurugwa: anayeanzia majini anaingia taratibu kwa miguu kabla ya wengine kupanda, basi. Jambo lenyewe ni la usalama. Penye jukwaa, World Aquatics inataka kina cha angalau mita 1.35 kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani, na hiyo ni kwa watu waliofundishwa kuchupa kwa pembe ndogo. Asiyejua kuchupa huanguka wima, mikono ikiwa wazi, kichwa mbele. Sitaki kuona hilo likitokea mbele yangu.

Kupasha misuli nako kulikuwa vurugu. Leni zote zilikuwa wazi kwa wote, wa kasi wakiwapanda wa polepole mgongoni, na wawili watatu wakichupa katikati ya watu wanaokuja. Dawa yake ni vibao na mtu mmoja mwenye filimbi: leni mbili za polepole, mbili za wastani, moja ya kasi, wote wakizunguka upande mmoja, ya sita iachwe kwa kuchupa tu, kuelekea upande mmoja, kwa dakika kumi za mwisho. Waliobaki waingie kwa miguu.

Na kama shida ni muda, yapo mengine ya kufanya kabla ya kumfokea mtu. Waliomaliza wasitolewe majini kila mara. Kupanda ukingo ni kazi kwa mtu mzima aliyechoka, na ngazi ziko pembeni tu, kwa hiyo wa leni za katikati wanapita chini ya kamba mbili tatu ndipo wafike. Waache wabaki ndani wakishika kamba karibu na ukuta, kundi linalofuata lianze juu ya vichwa vyao, kisha watoke. Inaokoa karibu nusu dakika kila kundi. Sharti ni moja, na halina mjadala: mwanzishaji asitoe ishara hadi kila anayeogelea awe amegusa ukuta. Mbio ndefu zaidi, mita 400 na kuendelea, zinaweza kuwa na waogeleaji wawili katika leni moja, kila mmoja na mtunza muda wake. Wasiotaka mita 200 wapewe mita 25. Ni mbio ya heshima kabisa kwa anayeanza. Na mwishoni wekeni mbio ya kupokezana ya 4 × 25 ambayo timu zake zinapangwa kwa kura, mmoja kutoka kila ngazi ya kasi, ili wa polepole wasibaki kwenye timu yao peke yao.

Nilikuwa nimefika hapa, na mkono umeshaanza kulegea kuelekea nyota tatu, matokeo yakatoka. Nimeyasoma mara kadhaa. Mbele ya jina la yule mama, mita 200 mtindo huru, wameandika: hakumaliza.

Alimaliza! Aligusa ukuta mbele ya watunza muda watatu, mbele yangu, mbele ya kundi zima lililokuwa linasubiri. Kilichokatika ni saa zao. Kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliachwa peke yake majini katika mita 100 mtindo huru baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza mapema. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya muda wa mabingwa, na alionekana wazi kuchoka kabla hajafika. Saa ilienda mpaka alipogusa. Ikiwa Olimpiki waliweza kumsubiri mtu mmoja, mashindano yanayojiita ya wote yanashindwaje?

Nyota moja. Hiyo moja ni ya aliyeandika waraka, na ya mbio ya kukisia.

Kwa waandaaji, kwa kuwa najua mnasoma maoni haya: mwogeleaji yule anastahili kuombwa radhi na aliyemfokea, kwa jina lake. Watunza muda wenu wengi ni wa kujitolea na hawajafundishwa, sawa, lakini dakika tano za maelekezo asubuhi zinatosha: anzisha kwa taa au mlio, simama ukingoni uone mkono ukigusa, usizime wala kufuta hadi mtu wa leni yako amalize na muda uandikwe, usimwambie mwogeleaji neno lolote juu ya kanuni. Saa tatu zikiwepo, chukua ya katikati. Mbili, chukua wastani. Ikibaki moja, itumieni hiyohiyo.

Na moja ilibaki. Mtunza muda wa tatu wa leni ya 1, binti aliyekaa mwisho upande wa ngazi, hakufuta yake. Nilimwona akiizima mkono ulipogusa na kuuandika muda kwenye karatasi ya leni, kisha karatasi ikachukuliwa bila mtu kumuuliza. Itafuteni karatasi hiyo, futeni neno "hakumaliza", muuandike muda wake. Mkifanya hivyo nitarudi hapa kubadilisha nyota.